Posho ya Njiani

Fanya hesabu hii kwanza. Mpagazi wa Kinyamwezi wa miaka ya 1860 alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo thelathini na kitu, mbali na mkeka wake, chungu cha kupikia na silaha kama anayo. Mtu anayetembea na mzigo wa namna hiyo anahitaji karibu kilo moja ya nafaka kwa siku. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora, mambo yakienda vizuri, ni miezi mitatu. Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871 akafika Kwihara, pembeni mwa Tabora, mwezi Juni. Burton na Speke mwaka 1857 walitumia zaidi ya miezi minne. Sasa, kama kila mpagazi angejibebea chakula chake, mzigo wote ungekuwa chakula, na chenyewe kingeisha baada ya mwezi, na hakuna hata kipande kimoja cha merikani ambacho kingefika popote.

Kwa hiyo hawakubeba chakula. Walibeba nguo, shanga na nyaya za shaba, wakanunua mtama na mahindi walikopita. Posho ilikuwa ahadi kwamba mbele kuna kijiji, kijijini kuna ghala, na mwenye ghala atakubali shanga zako. (Atakubali za rangi gani? Hilo lilikuwa somo zima. Ushanga unaopendwa Ugogo ungeweza kukataliwa kama takataka siku kumi mbele.) Ila palikuwa na sehemu moja ambapo ahadi hiyo haikuwepo: Mgunda Mkali, lile pori kati ya Ugogo na Unyamwezi. Huko misafara ilinunua chakula mapema, ikakibeba kichwani, ikapiga terekeza, mwendo mrefu wa alasiri hadi usiku ili kuvuka sehemu zisizo na maji. Yaani watu wale hawakuwa na kanuni moja. Palipo na vijiji walitegemea vijiji, palipo na pori walibeba.

Nawaletea hesabu hii wasomaji wa fasihi kwa sababu kuna historia nyingine, ya juzijuzi tu, ambayo imehangaika na swali hilohilo kwa miaka zaidi ya thelathini, na watu wengi tunaishi ndani yake bila kuijua. Ni historia ya jinsi programu inavyoamua nini iondoke nacho na nini ikikute mbele. Lugha yetu yenyewe imeshatoa ushahidi: tunapohamisha faili tunasema kupakia na kupakua, maneno ya bandarini na ya msafara, na hakuna anayeshangaa.

Kwanza tuelewane kuhusu baitikodi. Kompaila ya kawaida huchukua maandishi ya mwandishi wa programu na kuyageuza kuwa lugha ya prosesa fulani. Ukihamia prosesa ya aina nyingine, unaanza upya. Kompaila ya baitikodi hufanya ujanja: huandika maagizo kwa ajili ya mashine ambayo haipo, mashine ya kufikirika, halafu programu nyingine inayoitwa mkalimani huyasoma maagizo hayo na kuyatekeleza kwenye mashine iliyopo. Faili moja, mahali popote, mradi tu mkalimani yupo. Ni ahadi nzuri sana. Tatizo ni kwamba mashine ya kufikirika haina mikono. Haiwezi kufungua mlango wa mtandao, haiwezi kuchora kwenye kioo, haiwezi kupiga hesabu za namba kubwa kwa kasi. Kazi hizo zimeandikwa kwa lugha ya C na kugeuzwa kuwa lugha ya prosesa halisi, zikawekwa kwenye kinachoitwa maktaba. Kwa hiyo hata baitikodi safi kabisa, ikitaka kufanya jambo la maana, lazima ikutane na maktaba ya C mahali fulani. Wapi, na lini? Hapo ndipo pana kisa.

Neno maktaba hapo si la mapambo. Cambridge, mwaka 1949, kompyuta ya EDSAC ilipoanza kazi, Maurice Wilkes, David Wheeler na Stanley Gill walikuwa na mkusanyiko halisi wa kanda za karatasi zilizotobolewa, kila moja na kazi yake: hii ya kugawanya, hii ya kutafuta kipeuo. Ukitaka kazi fulani unachukua kanda yake, unainakili, unaiunganisha na yako. Mwaka 1951 wakatoa kitabu juu yake. Ukishanakili, kanda ni yako. Hata asili ikiungua, programu yako inaenda. Huko ndiko kubeba kila kitu. Wazo la pili, la kuacha pengo kwenye programu na kulijaza wakati programu inatembea, lilifanyiwa kazi kubwa katika mfumo wa Multics kule MIT miaka ya 1960. Sitakaa huko, maana ninayetaka kumfuata ni mtoto wa baadaye, na ametokea Ufaransa.

Katika taasisi ya utafiti ya INRIA, Rocquencourt karibu na Paris, lugha ya Caml ilitoka mwaka 1987. Ilikuwa nzito, ikihitaji mashine kubwa. Mwaka 1990 kijana mmoja, Xavier Leroy, aliandika jaribio aliloliita ZINC: mashine ya kufikirika ndogo, mkalimani wake ameandikwa kwa C, na kitunza kumbukumbu kikaandikwa na Damien Doligez. Hiyo ikawa Caml Light, na iliweza kukaa kwenye kompyuta ndogo za mezani za wakati ule. Mwaka 1996 ukaja mfumo mkubwa zaidi, Objective Caml, ambao tangu 2011 unaandikwa OCaml tu. Una kompaila mbili, na mojawapo, ocamlc, hadi leo hutoa baitikodi.

Sasa, zamani zile, kama programu yako ya Caml ilihitaji kazi ya C ambayo mkalimani wa kawaida hana, ulikuwa na opsheni moja ya kuunganishia: -custom. Inafanya nini? Inakuundia mkalimani mpya, wako peke yako, mwenye maktaba zako zote za C tumboni, halafu inabandika baitikodi yako mkiani mwa faili. Programu ikianza, mkalimani hujifungua mwenyewe, hukimbilia mwisho wa faili, na kutafuta alama ya siri inayoanza na Caml1999. Akiiona anajua: mzigo ni huu, tuondoke.

Inafanya kazi vizuri. Ila angalia ulicholipa. Faili limevimba. Ili kuliunda unahitaji kompaila ya C na vifaa vyake vyote, hata kama wewe hujaandika mstari mmoja wa C. Na kubwa kuliko yote: faili lako si la mashine yoyote tena, maana mkalimani aliyemo ndani ni wa prosesa moja. Umechagua baitikodi ili usifungwe na mashine, kisha umejifunga mwenyewe.

Kulikuwa na balaa jingine ambalo mimi hulipenda kama hadithi. Kwenye mifumo ya jamii ya Unix kuna chombo kinachoitwa strip, kazi yake kupunguza uzito wa programu kwa kukata majina na mabaki ambayo prosesa haiyahitaji. Wanaotayarisha vifurushi vya Linux hukipitisha kwenye kila kitu, kwa nia njema kabisa. Chombo hicho kinaufahamu mwili wa faili la kawaida la Unix, lakini hakijui habari za baitikodi iliyobandikwa mkiani. Kikikutana nayo kinaona uchafu, kinakata. Kinachobaki ni mkalimani mzima wa afya, anayeanza vizuri, halafu analalamika kwamba hajapewa faili la kusoma. Watu wa Debian ilibidi waandike kwenye miongozo yao ya OCaml: programu za -custom zisipitishwe kwenye strip. Mpagazi kafika salama, kapunguziwa uzito kweli, ila kilichotupwa ndiyo pembe yenyewe.

Mwishoni mwa 2001, toleo la 3.04 likaleta njia ya pili, na hapa ndipo karamu ilipo. Maktaba ya C inaundwa kama faili la pekee, la kushirikiwa na wengi, na mkalimani wa kawaida anajifunza kulipakia wakati wa kuanza. Kompaila ikapata opsheni mpya. Ya -dllib hutaja jina la maktaba itakayohitajika. Ya -dllpath hutaja saraka ya kuitafutia. Hakuna kinachobebwa isipokuwa majina. Ukilipasua faili la baitikodi la kizazi hiki utakuta vyumba vyenye vibandiko vya herufi nne nne: CODE kwa maagizo, DATA kwa takwimu, PRIM kwa orodha ya kazi za C zinazotakiwa, DLLS kwa majina ya maktaba, DLPT kwa njia za kuzifikia. Hizo tatu za mwisho ni kama karatasi ya kirangozi: tutahitaji mtama, tutahitaji maji, vijiji vyenyewe ni hivi.

Mkalimani anapoisoma karatasi hiyo anatafuta maktaba kwa mpangilio maalumu. Kwanza saraka alizotajiwa na aliyeiwasha programu, kwa opsheni ya -I. Pili, zilizomo kwenye kigezo cha mazingira kinachoitwa CAML_LD_LIBRARY_PATH. Tatu, zile ambazo -dllpath iliziandika ndani ya faili siku ya kuunganisha. Nne, zilizoorodheshwa kwenye faili dogo la ld.conf lililowekwa na aliyesakinisha OCaml. Tano, popote ambapo mfumo wa kompyuta wenyewe huwa unatafuta.

Mwongozo huuorodhesha mpangilio huo kikavu tu, lakini ukiutazama vizuri unaona ni mgawanyo wa madaraka. Nani ana neno la kwanza? Aliye njiani, sasa hivi, mbele ya kioo. Anayefuata ni yule aliyeandaa mazingira yake. Mwandishi aliyeunganisha programu, aliyekuwa na uhakika siku ile maktaba iko wapi, anakuja wa tatu. Naona hilo ni jambo la heshima sana kwa mtumiaji. Aliyekaa pwani na ramani anasikilizwa, lakini baada ya aliye Ugogo anayeona kwa macho yake kwamba kisima kimekauka.

Na kompaila haikubali maneno matupu. Unapoipa -dllib, ocamlc huifungua maktaba yenyewe wakati wa kuunganisha, ikakagua kama kila kazi iliyotajwa kwenye orodha imo. Ikikosa moja, inakataa kuunganisha. Ndiyo, ukaguzi huo ni wa mashine yako, si wa mashine ya huko iendako. Ndiyo maana mkalimani naye hurudia kukagua mwanzoni kabisa, kabla ya agizo la kwanza kutekelezwa. Maktaba haipo? Inakufa pale pale, na inataja jina la maktaba iliyokosekana. Makosa ya aina hii wanafunzi wa OCaml wanayajua kama wanavyojua jina la shule. Dllunix imeliza wengi.

Linganisha na Java, ambayo Sun Microsystems waliitangaza 1995 kwa wimbo uleule wa andika mara moja, endesha popote. Java haina opsheni ya kuunganisha kwa maana hiyo. Maktaba ya C huitwa na msimbo wenyewe, kwa amri ya System.loadLibrary, pale msimbo unapofika kwenye amri hiyo. Kama maktaba haipo, kosa la UnsatisfiedLinkError linaibuka hapo, iwe ni sekunde ya kwanza au saa ya tatu, mtu ameshajaza fomu nzima. Wapo watakaosema hilo lina faida: programu yenye sehemu kumi isife kwa sababu ya sehemu moja ambayo huenda mtumiaji asiiguse kabisa. Nawaelewa. Lakini mimi niko upande wa OCaml. Bora kuambiwa Bagamoyo kwamba Mgunda Mkali hakuna chakula, kuliko kuligundua ukiwa huko.

Nikiri mfano wangu una mguu mfupi. Maktaba ya C haina njaa yake yenyewe, na haidai hongo. Vijiji vya Ugogo vilikuwa na wenyewe, na misimu mibaya hawakuwa na chakula cha kuuza. Tena njia ile haikupitisha wapagazi wa kulipwa peke yao. Wanyamwezi wengi walibeba kwa ujira na walijua kuudai, lakini ilipitisha na watu waliofungwa, ambao hawakupatana bei na mtu. Ukiisifu njia ya msafara kwa akili yake ya ugavi, usisahau ilikuwa inasafirisha nini.

Mpaka hapa mtu wa Ziba, wilayani Igunga, anaweza kuniuliza: Wafaransa na Caml yao, mimi inanihusu nini? Inakuhusu kwa sababu iko mfukoni mwako. Simu ya Android, tangu zile za kwanza za 2008, ni mkalimani wa baitikodi. Mashine yake ya kufikirika ya mwanzo iliitwa Dalvik; mtengenezaji wake, Dan Bornstein, aliipa jina la kijiji cha wavuvi cha Iceland. Mwaka 2014 ikaingia nyingine, ART. App unayopakua ni faili la APK, na ndani yake mna classes.dex, ambayo ni baitikodi, pamoja na folda ya lib yenye maktaba za C. Google hapa walichagua njia ya kubeba. Tena walibeba mara mbili mbili: ndani ya lib kuna folda kwa kila aina ya prosesa, armeabi-v7a kwa simu za biti 32, arm64-v8a kwa za biti 64, na wakati mwingine nyingine za jamii ya Intel. Simu inatumia moja, zingine zinalala tu. Na kwa miaka mingi, wakati wa kusakinisha, simu ilikuwa inaitoa maktaba kwenye APK na kuinakili pembeni, kwa hiyo kitu kilekile kilikaa mara mbili kwenye simu yenye nafasi finyu. Android 6, mwaka 2015, ikaruhusu maktaba isomwe humohumo ndani ya APK bila kunakiliwa, mwandishi wa app akichagua hivyo.

Kwa nini wabebe hivyo? Kwa sababu vijiji havikuaminika. Kila kampuni ya simu iliuwekea mfumo maktaba zake kwa namna yake. Waandishi wengine hata hivyo walijaribu posho ya njiani: badala ya kubeba maktaba ya usimbaji au ya hifadhidata, walichukua ile waliyoikuta kwenye simu, ingawa haikuwa imetangazwa kwa matumizi ya wageni. Ilifanya kazi, mpaka ikaacha. Android 7, mwaka 2016, ikafunga mlango: app inaruhusiwa kufungua maktaba zilizo kwenye orodha rasmi tu. App zilizokuwa zikila kwenye ghala lisilo lao zikaanza kuanguka. Ni kama Mirambo alipoifunga njia ya Tabora kwenda Ujiji mwaka 1871: barabara ipo, mguu unao, ila hupiti. Stanley alizunguka kusini. Waandishi wa app walirudi kubeba.

Kubeba kuna gharama, na gharama hiyo analipa mwenye bando. Tangu Agosti 2019 duka la Google lilitaka app mpya na masasisho yenye maktaba za C ziwe na toleo la biti 64 pia, na zile za biti 32 bado zilihitajika kwa simu za bei nafuu. Uzito ukapanda. Dawa yao ilikuwa imeshatangazwa 2018 na ikawa lazima kwa app mpya Agosti 2021: mwandishi anapeleka kila kitu dukani, duka linaikatakata, na simu yako inapewa vipande vyake tu. Faili la msingi lenye baitikodi, kipande cha maktaba za prosesa yako, kipande cha picha za kioo chako, kipande cha lugha yako. Kwa anayepakua kutoka dukani ni nafuu ya kweli.

Lakini wengi hatupakui dukani. Unarushiwa na mwenzako. Kwa Bluetooth zamani, kwa Xender baadaye, simu kwa simu, bila kuchoma hata MB moja. Enzi ya APK nzito hilo lilikwenda vizuri kabisa: lile faili lililovimba lilikuwa na maktaba za kila prosesa, kwa hiyo simu ya bei kubwa iliweza kuirushia simu ya bei ndogo na app ikafunguka. Ule uzito tuliokuwa tunaulalamikia ndio uliokuwa unawezesha kugawana. Baada ya kukatwa vipande, kama chombo cha kurushia kimechukua faili la msingi peke yake, baitikodi imefika na maktaba imebaki kwenye simu ya mwenzako. Na hata kikichukua vipande vyote, ni vipande vya prosesa yake, si yako.

Mwanzoni app ya namna hiyo ilikubali kusakinishwa, ikafunguka, ikafa ilipofika kwenye loadLibrary. Kijana anafuta, anarushiwa tena, inakufa tena, anadhani simu yake ndiyo mbovu. Android za karibuni zinaweza kukataa mapema: faili la msingi likiwa na alama kwamba linahitaji vipande, simu inagoma kulisakinisha. App nyingine zimewekewa ujumbe unaokuambia uende dukani ukaipakue upya. Upande wa OCaml nao, mwaka 2020, toleo la 4.10 lilileta opsheni ya -output-complete-exe, inayobeba kila kitu kama -custom ilivyofanya, ila baitikodi safari hii imefungwa katikati ya mwili wa faili, mahali ambapo strip haifiki.